Neno Maskini na Ghuba ya Karungu

Mwezi wa Septemba mwaka 1914, vita vikuu vya Ulaya vilipokuwa havijatimiza miezi miwili, jeshi la Wajerumani lilitoka upande wa Ziwa Victoria uliokuwa chini ya dola yao, likavuka mpaka, likaingia Karungu, katika nchi ambayo leo ni kaunti ya Migori, likapanda milimani hadi mji wa Kisii, na huko, siku ya tarehe 12, likapambana na askari wa Keya waliotumwa na Waingereza, katika mapigano ya siku moja yaliyomwaga damu ya pande zote mbili na kumuua mkuu wa kikosi cha Kiingereza, Kapteni Thorneycroft. Majini nako, katika ghuba ile ile ya Karungu, meli ya Wajerumani iliyoitwa Muansa ilizikabili meli za Waingereza, Winifred na Kavirondo, na watu wa pwani hiyo, ambao hawakuwa na ugomvi na Berlin wala na London, walisimama wakatazama moshi wa mizinga ukitanda juu ya maji walimozoea kutega samaki waitwao ngege.

Jambo moja la siku hizo halikuandikwa sana katika vitabu vya vita, nami kila nipitapo Karungu hulikumbuka kuliko mizinga yenyewe. Afisa wa Kijerumani alipotaka kumwambia askari wake neno lililozidi amri fupi za gwaride, aghalabu alisema naye kwa Kiswahili. Na afisa wa Kiingereza, ng'ambo ya pili, alisema na askari wake kwa Kiswahili hicho hicho. Mataifa mawili ambayo lugha zao zilizaliwa tumbo moja yalikuwa yakiuana, na kila moja liliwatuma watu wake kwa lugha ya tatu iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi. Na ndani ya lugha hiyo ya tatu limo neno moja, neno la kila siku, ambalo lugha za maafisa wale zilikuwa nalo pia, limevaa mavazi mengine na kupotoka maana yake ya kwanza, hata wenyewe wasingalilitambua kama wangalilisikia likitoka kinywani mwa majeruhi. Neno hilo ni maskini. Tarikhi yake ni ndefu kuliko tarikhi ya taifa lolote lililopigana siku ile.

Asili yake, kwa kadiri wataalamu wa lugha kongwe walivyoweza kuifuata, ni Babeli. Katika Kiakadi, lugha iliyoandikwa kwa alama za msumari juu ya udongo mbichi, palikuwa na neno mushkenum, nalo lilitokana na kitendo cha kuinama na kusujudu mbele ya mkubwa. Mfalme Hammurabi, aliyetawala Babeli yapata miaka 1750 kabla ya Masihi, alipochongesha sheria zake juu ya jiwe jeusi refu, aliwataja watu wa daraja tatu: muungwana, kisha mushkenum, kisha mtumwa. Mushkenum basi hakuwa ombaomba. Alikuwa mtu huru, ila uhuru wake ulikuwa na bei ndogo. Mganga aliyemponya muungwana jeraha kubwa kwa kisu chake cha shaba alistahiki ujira wa shekeli 10 za fedha. Akimponya mushkenum, shekeli 5. Akimponya mtumwa, bwana wa mtumwa alimlipa shekeli 2. Aliyelitoboa jicho la muungwana mwenziwe alitobolewa lake, lakini aliyelitoboa jicho la mushkenum alitoa mina moja ya fedha na mambo yakaisha. Nimelisoma fungu hilo mara nyingi, na kila mara huhisi kwamba hapo ndipo neno letu lilipozaliwa kweli: si katika njaa, bali katika hesabu ya mtu mwingine akipima jicho la mwenzake lina thamani gani.

Jiwe hilo lilifukuliwa na Wafaransa huko Susa, katika nchi ya Uajemi, baina ya Desemba 1901 na Januari 1902, na sasa liko Paris. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayonivuta, kwamba katika mwezi ule ule wa Desemba 1901 ndipo reli iliyotoka Mombasa ilipofika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence na baadaye Kisumu, nayo ikaufungua mlango ambao Kiswahili kilipitia kwa wingi kuingia nchi za Migori na Homa Bay. Neno la kale kabisa lilikuwa likitolewa mchangani upande mmoja wa dunia, na upande wa pili mjukuu wake alikuwa akishuka katika gari la moshi pamoja na magunia na mabati.

Kutoka Babeli neno lilipita katika Kiaramu, lugha ya soko na ya makarani wa Mashariki yote ya karibu, na katika kupita huko likashuka daraja. Mtu huru wa hali ya chini akawa mtu asiye na kitu. Likaingia Kiebrania kwa sura ya misken, na katika Agano la Kale laonekana ndani ya kitabu cha Mhubiri, mahali panaposimuliwa habari za mji mdogo uliozingirwa na mfalme mkubwa, ukaokolewa kwa hekima ya mtu mmoja fukara ambaye, hatari ilipokwisha kupita, hakuna aliyemkumbuka. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili wakaweka hapo maskini, na kwa kufanya hivyo walilirudisha neno mahali pake: misken wa Kiebrania na maskini wa Kiswahili ni mtu mmoja aliyeitwa kwa jina lake mwenyewe. Sijui Biblia ya Ulaya iliyobahatika hivyo. Waingereza na Wajerumani waliweka maneno yao ya kienyeji.

Waarabu nao wakalipokea kwa sura ya miskin, na wingi wake masakin, na Kurani ikalipa cheo katika sharia. Aya ya 60 ya Sura ya Tauba inawataja wanaostahiki kupewa zaka, na wa kwanza wao ni mafakiri, na wa pili ni masikini. Kwa kuwa Mwenyezi Mungu hasemi neno la bure, wanazuoni walilazimika kuuliza: kama fakiri na maskini ni watu wawili, basi tofauti yao ni nini, na nani kati yao ana dhiki zaidi? Madhehebu ya Hanafi na ya Maliki yakasema maskini ndiye aliye chini kabisa. Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka 820, akasema la, fakiri ndiye wa mwisho. Na hoja moja iliyotegemezwa upande huo ilitolewa katika Sura ya Kahafu, aya ya 79, inayotaja jahazi lililokuwa mali ya masakini waliofanya kazi baharini. Ikiwa masakini hao walikuwa na jahazi, basi maskini ni mtu anayeweza kuwa na chombo na kazi, na bado asijitosheleze. Hoja hii nitairudia nikifika tena ufukoni, maana sijaona palipoithibitisha kuliko ziwani.

Tukisafiri magharibi, twalikuta neno letu Andalusia. Waislamu walivuka mlango wa bahari kuingia Hispania mwaka 711, na dola yao ya mwisho huko, Granada, ilianguka mwaka 1492. Karne karibu nane za kukaa pamoja, kugombana, kuoana na kufanya biashara. Lugha za Kirumi zilizokuwa zikizaliwa huko kutokana na Kilatini zilichota kwa Kiarabu majina ya mashamba, mifereji, nguo na vyakula, na hayo hayashangazi, kwa kuwa kitu huja na jina lake. Linaloshangaza ni kwamba zilichota pia vivumishi, maneno ya sifa, ambayo lugha huwa haiyaazimi kwa wepesi. Wahispania walichukua rakhis, lile lile ambalo kwetu ni rahisi, wakalifanya rahez, wakimaanisha kitu duni kisicho na thamani. Na walichukua miskin, wakalifanya mezquino. Wareno wakasema mesquinho. Waitalia wakasema meschino.

Mwanzoni maana ilikuwa ya huruma. Katika Kiitalia mtu aliyefikwa na msiba aliweza kujililia kwa kujiita meschino, sawasawa kama sisi tusemavyo maskini mimi. Na Andrea da Barberino, aliyeandika visa vya mashujaa huko Italia mwanzoni mwa karne ya kumi na tano, alimpa shujaa wake mmoja jina la Meschino, kwa sababu aliibwa na maharamia angali mtoto mchanga akauzwa, asijue ametoka kwa nani. Katika Kifaransa cha kale meschin alikuwa kijana, na meschine alikuwa msichana, aghalabu msichana wa kazi. Na Dante, katika safari yake ya Jahanamu, aliwaita kwa neno la namna hiyo vijakazi wa malkia wa kuzimu. Twaona basi kuwa neno liliteremka kutoka hali mpaka kazi: aliye fukara akawa yule anayetumwa.

Halafu likageuka. Haikutokea siku moja, wala hapana mtu anayeweza kuonyeshwa kidole, lakini baada ya karne kadhaa mezquino wa Hispania, mesquinho wa Ureno na mesquin wa Ufaransa, ambaye Wafaransa walimchukua upya kwa Waitalia mwanzoni mwa karne ya kumi na saba, hakuwa tena mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa bahili, mtu wa mkono wa birika, mwenye roho finyu na mambo madogo madogo. Nimejaribu kufikiri ni njia gani iliyolipeleka neno huko, na jibu ninaloliona ni kwamba neno lilishikwa na wale walio na kitu. Maskini hutoa kidogo kwa sababu anacho kidogo; mwenye nacho akitazama, haoni kile kilichobaki mfukoni mwa maskini, anaona tu udogo wa kilichotolewa; na baada ya kutazama hivyo kwa vizazi vingi, udogo wa mfuko ukawa udogo wa roho. Huo ni udhalimu ambao lugha imeufanya bila kuamriwa na mfalme yeyote, na ndio unaonifanya niifuate tarikhi hii kwa uchungu.

Kwa maana hiyo mbaya ndipo neno lilipoingia katika lugha za Kijerumani, yaani ule ukoo mpana wenye Kiingereza, Kiholanzi na Kijerumani chenyewe. Katika karne za kumi na saba na kumi na nane Kifaransa kilikuwa lugha ya majumba ya wafalme tangu The Hague mpaka Berlin, na mtu aliyetaka kuonekana ameelimika alipamba maneno yake kwa Kifaransa, kama vile kwetu mtu alivyokuwa akipamba yake kwa Kiarabu. Waholanzi wakapokea mesquin, na kwa kuwa sarufi yao inataka kivumishi kiongezewe irabu kinapotangulia baadhi ya majina, wakasema pia mesquine. Wajerumani wakaliandika kwa herufi zao, meskin, wakalivisha mikia yote ambayo kivumishi cha Kijerumani hulazimika kuvaa kulingana na jinsia, idadi na uhusika wa jina, na kwao meskin akawa mtu mnyimivu. Neno hilo leo limechakaa, lasikika kwa nadra. Waingereza wakaliacha lilivyo, mesquin, bila mkia wowote, likakaa katika vitabu vya wachache kama kiti cha wageni kisichokaliwa. Huo ndio ukoo wa kivumishi kimoja kilichoazimwa: kimoja kina mkia mmoja, kimoja kina mikia mingi, kimoja hakina mkia kabisa, na katika zote tatu hakuna hata chembe ya huruma iliyobaki.

Huku kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Waarabu wa Hadhramaut na wa Oman, na maulamaa waliosoma kwa madhehebu ya Shafii, ambayo Ibn Battuta aliyakuta Mombasa alipopita mwaka 1331, walilileta neno katika miji ya pwani pamoja na darasa, sadaka na zaka, na Waswahili wakalipokea likiwa zima. Kiswahili kilikuwa na maneno yake ya asili, mkata likiwa mojawapo. Kikachukua pia fakiri, na wingi wake wa Kiarabu fukara kikaufanya umoja, hata tukasema fukara mmoja, mafukara wengi. Lakini maskini ndilo lililoenea kuliko yote. Kama vivumishi vingine tulivyovipata kwa Waarabu, safi, rahisi, ghali, halikukubali kubebeshwa viambishi vya ngeli: mtu maskini, watu maskini, nchi maskini. Katika hili Kiswahili na Kiingereza vimefanana, na Kijerumani kimebaki peke yake na mikia yake. Likazaa umaskini na kimaskini, na bara likapenyezewa irabu moja, likawa masikini.

Zaidi ya sarufi, likawa mlio wa moyo. Mtoto akianguka, jirani husema maskini. Tajiri mwenye majumba akifiwa na mwanawe, watu husema maskini, na hakuna anayehesabu majumba yake. Nimesikia likisemwa juu ya punda aliyevunjika mguu barabarani. Kiswahili kilitambua ndani ya neno hilo kitu ambacho Hammurabi hakukipima kwa shekeli, kwamba kila kiumbe huinamishwa siku moja. Na ingawa sisi nasi tunao udhalimu wetu, ambao methali yetu inaukiri isemapo kuwa maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba, hatukuligeuza jina la mtu kuwa tusi la roho yake.

Pana kipindi kimoja katika tarikhi ya pwani ambacho laiti angalikuwapo msikilizaji mwenye masikio ya kutosha. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakafukuzwa humo na watu wa Oman mwaka 1698, na katika miaka mia mbili hiyo walituachia meza, bendera, leso, kopo na gereza. Katika muda huo wote, juu ya kuta zile, Mreno alikuwa akisema mesquinho na Mswahili akisema maskini, wala hapana alama kwamba yeyote kati yao alitambua kuwa wanatamka neno moja lililoachana Uarabuni na kukutana tena Mombasa baada ya kuizunguka nusu ya dunia.

Sasa turudi ziwani. Njia zilizoleta Kiswahili katika nchi iliyoitwa South Kavirondo, ambayo ndani yake zilikuwamo Migori na Homa Bay za leo, na ambayo makao ya serikali yake yalikuwa Kisii, zilikuwa nyingi: wafanyabiashara wa misafara, mabaharia wa majahazi na meli za ziwa, maduka ya Wahindi, polisi, na Waislamu walioweka makao Kendu Bay, mji ambao hata leo msikiti wake ni miongoni mwa majengo yanayomwelekeza msafiri wa majini. Mwezi wa Novemba mwaka 1906, katika pwani hiyo hiyo ya Kendu Bay, waliteremka wamisionari wa Kisabato, Arthur Carscallen kutoka Kanada na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, wakajenga Gendia. Na mwaka 1913 Gendia ikapata mtambo wa kupiga chapa. Hivyo Dholuo, lugha ya Wajaluo, ikaanza kuonekana juu ya karatasi karibu kabisa na mahali ambapo Kiarabu cha Kurani kilikuwa kikisomwa.

Mtu akitaka kujua kipi kilikuja na nani, na asikilize tu maneno. Wajaluo walichukua kikombe wakakifanya okombe, mpira ukawa opira, karatasi ikawa otas, serikali ikawa sirkal, sabuni ikawa sabun, taa ikawa taya. Na hapa pana jambo linalohusu moja kwa moja habari za lugha za Kijerumani. Waswahili wa Tanganyika walipokea kwa Wajerumani neno shule. Wajaluo walipokea kwa Waingereza neno skul. Na maneno hayo mawili, Schule ya Mjerumani na school ya Mwingereza, ni watoto wa neno moja la Kilatini ambalo mababu wa mataifa hayo yote mawili waliliazima kwa Warumi. Mtoto wa Migori anayetoka nyumbani akisema anakwenda skul, akafika darasani akaandika Kiswahili kwamba yuko shuleni, amebeba mdomoni sura zote mbili za mkopo mmoja, na mpaka uliopigwa baina ya himaya mbili umepita katikati ya ulimi wake.

Lakini maskini halikupata makao ndani ya Dholuo kama okombe na taya. Kwa sauti tu lingeweza kukaa bila taabu, kwa kuwa Mjaluo huunga sifa na jina kwa ma-, akisema dhano maber kwa mtu mwema, ot maduong' kwa nyumba kubwa, na sikio lililozoea hivyo lisingelitilia shaka neno lianzalo na ma-. Kilicholizuia ni kwamba nafasi ilikuwa na mwenyewe. Kikombe cha bati na karatasi vilikuja na meli. Umaskini haukuja na meli. Dholuo ilikuwa na jachan, na wingi wake jochan, na ilikuwa na dhier, ufukara wenyewe. Na nyumba ya pili, milimani, Wakisii walikuwa na omotaka. Maneno hayo yalipima mambo yake: ng'ombe, jamaa, mke, mtoto wa kukuchimbia kaburi.

Serikali ya kikoloni ilipoleta kodi ya nyumba, kipimo kikabadilika ghafla. Mtu mwenye zizi la ng'ombe na ghala la mtama, ambaye hapana jirani angemwita jachan, aliambiwa alete rupia, na baada ya mwaka 1921 alete shilingi, na kama hanazo basi aende akazitafute kwenye mashamba ya wazungu, au kwenye reli, au, miaka ile ya vita, katika jeshi la wapagazi ambalo lilimeza vijana wengi mno wa Nyanza na kuliachia jiji la Nairobi jina la Kariakor. Huko safarini ndiko wengi walikojifunza Kiswahili. Walitoka wakiwa watu wenye mali kwa lugha ya mama zao, wakarudi wakijua jina lao jipya kwa lugha ya serikali.

Leo, siku ya gulio mjini Migori, ukisimama kituo cha magari ya Isebania utasikia Dholuo, Kikuria, Ekegusii, Kisomali, na Kiswahili kinachozishona zote, na humo ndani utasikia maskini kila baada ya dakika chache: mama akimhurumia mwenziwe aliyemwagikiwa maziwa, utingo akimwombea kijana aliyepungukiwa nauli. Msomali akisema miskiin na Mjaluo akisema maskini wanaelewana bila mkalimani. Kwa Mhabeshi lina upole ndani yake, kwa Mmalai ni fukara, kwa Mturuki limeangukia maana ya mvivu, na hivyo kila taifa limelitia neno hili hukumu yake juu ya mtu aliyeinama.

Na huko Ulaya limeingia mara ya pili. Watoto wa wahamiaji kutoka Algeria na Moroko waliozaliwa Paris husema miskine, na wenzao wa Berlin, wengi wao wa asili ya Kiarabu na Kituruki, husema miskin, na wa London, ambao miongoni mwao wamo Wasomali na watu wa pwani yetu, husema miskeen. Nao husema kwa huruma ya kwanza, wakimwonea imani rafiki aliyeaibika au mzee aliyekaa peke yake kituoni. Hivyo Kijerumani leo kina neno hili mara mbili: meskin lililochakaa, lililopita kwa makabaila likiwa limeshachujwa huruma, na miskin jipya, lililopita barabarani pamoja na watu wenyewe. Nimefurahi sana kulijua hilo. Afisa aliyevuka mpaka kwenda Karungu mwaka 1914 angeweza, kama angeishi miaka mia zaidi, kumsikia kijana wa Berlin akilitamka neno la askari wake, kwa maana ya askari wake.

Nilisema nitarudi kwenye jahazi. Waislamu wana desturi ya kuisoma Sura ya Kahafu siku ya Ijumaa, na anayeisoma Kendu Bay hufika kwenye ile aya ya masakini waliofanya kazi baharini huku maji yakiwa karibu naye. Kutoka hapo mpaka Homa Bay, Mbita na visiwa vya Rusinga na Mfangano, kisha kuzunguka kusini mpaka Sori na Muhuru, pwani yote ni ya watu walio na kazi na bado hawajitoshelezi, na kama Imamu Shafii angalitaka ushahidi wa hukumu yake angaliupata hapa. Ila kuna tofauti moja. Masakini wa Kurani walikuwa wenye jahazi. Ziwani mara nyingi mtumbwi, mashine, nyavu na taa ni vya mtu mwingine, ambaye wavuvi wa upande wa Musoma na Mwanza humwita tajiri, neno ambalo kwa Kiarabu ni mfanyabiashara tu.

Usiku usio na mwezi ndio usiku wa omena. Taa hutiwa majini moja moja juu ya vyelezo, taya, taya, mpaka mtu aliye juu ya kilima cha Karungu huona kama mji umejengwa ghubani pale ambapo Muansa na Winifred zilitupiana mizinga. Samaki hujikusanya kuufuata mwanga, na watu wanne au watano walioinama juu ya ubavu wa mtumbwi huvuta wavu kwa zamu hadi karibu na alfajiri. Kukipambazuka omena humwagwa juu ya nyavu za kuanikia, wanawake wakiwa wamekwisha kupanga mabeseni, na hesabu hufanywa hapo hapo mchangani: hutolewa kwanza gharama ya mafuta na taa, kisha fungu la mwenye mtumbwi, na kinachobaki hugawanywa baina ya wale waliokesha.